Samaki na Chuma

Yapo mambo ambayo wasomi huona haya kuyaandikia. Mtu akiandika juu ya asili ya vitenzi, au juu ya vina na mizani, au juu ya safari za majahazi ya kale, hapana atakayemwuliza kwa nini amepoteza wino wake. Lakini mtu huyo huyo akitangaza kwamba ataandika juu ya samaki agandiaye kwenye wavu wa kuchomea, wenziwe watatazamana, na mmoja wao atauliza kwa upole kama afya yake ni njema. Afya yangu ni njema, namshukuru Mungu. Nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu, nina shahada ya udaktari niliyoipata kwa kuchunguza maana za maneno, na kwa muda wa majuma sita katika mwaka 2022 shughuli yangu ilikuwa moja tu: kujifunza namna ya kumgeuza samaki juu ya makaa bila kuiacha ngozi yake chumani. Naomba msomaji anistahimilie. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko tasnifu yangu, na ilitakiwa iishe upesi zaidi.

Nilizaliwa Pangani, mji uliokaa mahali ambapo mto wa jina hilo humwaga maji yake baharini, kusini ya Tanga. Mama yangu alikuwa mchoma samaki. Kila siku, baada ya sala ya alasiri, aliliwasha jiko lake mbele ya nyumba yetu, karibu na njia iendayo kivukoni. Jiko lenyewe lilikuwa nusu ya pipa la chuma lililopasuliwa kwa urefu na kutiwa miguu minne. Juu yake ulilala wavu wa nondo nyembamba 17, kazi ya mhunzi mmoja wa mjini, wavu ulionizidi umri. Wako wanaokiita chombo hiki chanja, na jina hilo ni la haki, kwa kuwa chanja ya fito ya kukaushia samaki ndiyo babu yake; lakini nyumbani kwetu tuliuita wavu, nami nitauita hivyo. Hapo walichomwa changu, tasi na kolekole, na siku za bahati vipande vya nguru. Kwa samaki hao tulivaa, tulikula, na tulisoma. Sitii chumvi nikisema kwamba noti za ada yangu ya sekondari zilinuka moshi.

Katika mwaka 1992, nikiwa mtoto wa miaka 12, niliazimia kumfurahisha mama. Niliutazama wavu wake nikauona mweusi kama chungu cha mganga, nikasikitika kwamba mwanamke msafi namna ile, ambaye hata kanga yake ya jikoni ilipigwa pasi, alikuwa akifanya biashara juu ya chuma kilichojaa masizi. Basi asubuhi moja, alipokuwa amekwenda kununua samaki, niliubeba wavu hadi mtoni. Niliusugua kwa mchanga na sabuni, kisha kwa kipande cha jiwe, kisha tena kwa mchanga, hata vidole vikatoka damu. Saa sita ya mchana wavu ulikuwa unang'aa kama sahani ya arusi. Niliurudisha mahali pake na kusubiri sifa.

Jioni ile mama aliweka changu watano wa kwanza. Alipojaribu kumgeuza mmoja, samaki alikuja nusu. Nusu ya pili, ngozi na mnofu pamoja, ilibaki imeshikamana na nondo. Wa pili alikuwa vivyo hivyo. Wa tatu alivunjika mgongo. Waliharibika samaki 11 kabla hajakubali kuacha. Mnunuzi wa Pangani hatoi bei ya samaki kamili kwa samaki aliyevuliwa ngozi, na ana haki. Tena samaki wale mama aliwachukua kwa mali kauli, maana yake alipaswa kuwalipa wavuvi asubuhi ya pili. Nilimwona akihesabu fedha mara tatu, kana kwamba zingeongezeka kwa kuhesabiwa, kisha akajifunga ushungi na kwenda kwa jirani kukopa. Aliporudi hakunipiga wala hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, wavu wangu umeuvua nguo."

Nilichukua miaka mingi kuelewa kwamba maneno yale hayakuwa fumbo. Weusi wa wavu ni wa namna mbili, na mtu asiyejua hudhani ni wa namna moja. Kuna weusi wa uchafu, yaani mabaki ya chakula cha jana yaliyoungua. Huu ni wa kukwaruza, humeguka kwa ukucha, na chakula cha leo hukimbilia kushikana nao. Na kuna weusi wa pili, ambao ni laini kwa kidole kama ubao wa kibuyu kikuukuu. Huu si masizi. Ni mafuta yaliyopakwa kiasi kidogo sana juu ya chuma cha moto, yakabadilika: chembe zake zimeungana moja kwa nyingine katika minyororo mirefu, zikawa utando mgumu usiotoka kwa maji. Utando huo huziba vishimo vidogo vidogo vya chuma na kukitenga na chakula. Hiyo ndiyo nguo. Mimi niliosha uchafu kidogo na nguo yote.

Ilimchukua mama siku mbili kuushonea wavu nguo nyingine, na siku hizo hakuuza kitu. Aliuweka juu ya makaa mpaka ukauke kabisa, akaupaka mafuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, akayafuta tena kana kwamba alijuta kuyapaka, kisha akauacha motoni hata moshi ukaisha. Alifanya hivyo mara nne au tano. Jambo moja lilinishangaza. Nyumbani kwetu mafuta ya nazi hayakupungua, lakini kwa kazi hii alituma dukani kununua mafuta ya ufuta, ambayo yalikuwa ghali. "Ya nazi ni ya samaki, ya ufuta ni ya chuma," alisema. Nilidhani ni mila tu. Baadaye, nilipokuwa nikisoma ng'ambo, mwenzangu mmoja mwanafunzi wa kemia alinieleza kwamba mafuta ya nazi hayaungani kwa urahisi namna ile, kwa sababu ya umbile la chembe zake. Mafuta ya ufuta yana chembe zilizo na nafasi ya kushikana, kwa hiyo hukauka yakawa utando. Mama yangu hakuingia darasa la kemia hata siku moja. Sijui ni bibi gani wa bibi zake aliyeharibu nyavu ngapi mpaka ujuzi ule ukapatikana.

Hapa naomba ruhusa ya kupotoka kidogo, kwani mwalimu wa lugha hawezi kupita karibu na maneno bila kuyaamkia. Pwani yetu ina neno kubanika. Anayebanika hahitaji chuma: hupasua kijiti, humbana samaki katikati ya banzi mbili, hufunga ncha, na kukisimamisha kijiti karibu na moto. Samaki hushikwa na kuni ambayo italiwa na moto au kutupwa, na kama ngozi ikigandia kidogo, hapana wavu wa kusafisha wala deni la kesho. Mchoma mishkaki naye amekwepa taabu hiyo kwa njia nyingine: hutunga vipande katika ujiti, akaulaza juu ya kingo mbili za jiko, nyama ikaning'inia hewani. Huko bara, mchoma mbuzi hutumia wavu kama mama, lakini mnyama wake humsaidia. Mafuta ya ubavu huyeyuka yakadondoka na kulipaka chuma yenyewe. Ni sisi wachoma samaki wa wavuni tuliojichagulia njia ya tabu, na sababu ni kwamba wateja wetu hupenda zile alama za nondo mgongoni mwa changu.

Tena tazama jinsi lugha isivyo na usawa. Wali unaogandia chini ya chungu tumeupa jina, ukoko au utandu, na watoto huugombania. Ngozi ya samaki inayogandia wavuni haina jina hata moja ninalolijua. Labda ni kwa sababu hapana aliyewahi kuigombania.

Sasa nirudi kwenye jambo lenyewe, nieleze kwa nini samaki hushika. Mnofu wake, kama nyama yoyote, una protini nyingi, nazo zikiwa mbichi ni kama nyuzi zilizokunjwa. Moto huzikunjua, na nyuzi zilizokunjuliwa hutafuta cha kushikana nacho. Zikikutana zenyewe kwa zenyewe, mnofu hukaza, nasi tunasema umeiva. Zikikutana na chuma kitupu hushikana na chuma. Samaki ana balaa la pili: ngozi yake imejaa kolajeni, ambayo kwa joto na maji hugeuka kuwa jelatini, kitu kile kile ambacho maseremala wa kale walikichemsha kupata gundi. Kolajeni ya samaki hulainika kwa joto dogo kuliko ile ya ng'ombe au mbuzi. Kwa hiyo mtu anayetoa samaki majini na kumlaza juu ya chuma kisichopata moto, huku makaa yakiwa bado yanashika, anatengeneza gundi, kisha anashangaa kwamba imeshika.

Dawa imo katika moto ule ule. Maji huchemka kwa joto la digrii 100, na maadamu ngozi ina maji juu yake haiwezi kuvuka hapo. Maji yakiisha, joto hupanda. Na likipita digrii 140 hivi ngozi huanza kuwa ya kahawia na kutoa ile harufu iwaitayo majirani. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi za amino zinavyofanyiana kazi zikipata joto, na mabadiliko hayo yanaitwa kwa jina lake mpaka leo. Ngozi iliyofika hapo imekuwa ganda kavu, na ganda kavu huachia chuma. Ina maana kwamba samaki hushika kwanza, kisha huachia mwenyewe. Kati ya kushika na kuachia pana muda, na karibu kila samaki aliyepata kuharibika duniani aliharibika ndani ya muda huo, mkononi mwa mtu aliyekuwa na haraka.

Mama alikuwa na neno lake kwa jambo hili. Tulipokuwa watoto, tukiomba turuhusiwe kugeuza, alikuwa akisema, "Mwache. Hajaaga." Samaki aliye tayari huaga: mtu akimgusa mkia kwa koleo, mwili wote huenda pamoja na mkia. Asiyeaga bado hushikilia kama mgeni aliyekumbuka hadithi nyingine mlangoni. Neno hili kuaga lina upande mwingine katika lugha yetu, ambao sikutaka kuufikiria katika mwaka ninaotaka kuueleza.

Mwezi wa tatu wa mwaka 2022 mama alipatwa na kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea, na pamoja nao ulimi. Madaktari walitueleza kwamba ugonjwa ulipiga upande wa kushoto wa ubongo, mahali ambapo kwa watu wengi ndipo makao ya maneno, na hali hiyo huitwa afasia. Alielewa tuliyomwambia. Alitaka kujibu, na macho yake yalionyesha kwamba jibu lipo, lakini neno halikuja, au lilikuja jingine. Koleo aliliita kijiko. Mimi aliniita kwa jina la marehemu mjomba. Aliweza kusoma Alhamdu yote bila kukwama, na kuhesabu kutoka moja mpaka kumi, kwa kuwa maneno yaliyozoea kufuatana huponea mahali pengine. Lakini hakuweza kuomba kikombe cha maji. Nilikuwa nimetumia miaka minne ya ujana wangu kuandika juu ya uhusiano wa neno na kitu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikaona nilikuwa sijauona uhusiano huo bado.

Tulifanya baraza, kaka yangu mkubwa, dada yangu na mimi. Mimi ndiye niliyesema kwamba jiko liuzwe na mama ahamie kwangu Dar es Salaam. Nilitoa sababu nzuri: hospitali zilikuwa karibu, umri ulikuwa umekwenda, na hakuwa na haja ya fedha tena. Sikutaja sababu ya nne, ambayo msomaji huenda ameikisia, kwamba kwa muda mrefu niliona haya kidogo kila mara mwenzangu wa chuoni aliponiuliza mama anafanya kazi gani. Mama aliketi akitusikiliza. Nilipomaliza, aliinuka kwa fimbo, akaenda polepole mpaka ukumbini ambako wavu uliegemezwa ukutani, akaweka mkono wa kushoto juu yake. Akasema, "Bado."

Hapakuwa na la kuongeza. Mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 19 aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi, alijitolea kushika moto. Lakini alikuwa hajui, na bibi yake hakuwa na maneno ya kumfundisha wala mkono wa kumwonyesha. Kaka na dada walinitazama. Mimi ndiye msomi wa maneno. Basi nijifunze kwanza, kisha niyatie katika lugha. Nikaomba likizo.

Jioni yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Niliwasha makaa, nikapepea kwa nguvu mpaka majivu yakaruka juu ya samaki, nikawatoa changu watano ndani ya ndoo wakiwa wanachuruzika, nikawalaza juu ya wavu niliokuwa nimeuweka motoni dakika ile ile. Baada ya kitambo kidogo nilianza kuvuta. Nilivuta kwa koleo, nikavuta kwa kisu, nikavuta kwa vidole. Nilipomaliza, wavu ulikuwa umevaa ngozi tano, na sahani ilikuwa na kitu kama uji. Nilimgeukia mama kwa hofu. Mama alikuwa anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu augue, na alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya kanga.

Kuanzia kesho yake tulianza upya, naye akanifundisha kwa mkono mmoja na maneno matatu: bado, haya, na basi. Pamoja nayo ziko zile namba.

Namba zilikuwa za moto. Nilikuwa nimezisahau. Tulipokuwa watoto, kabla hajaweka samaki, mama alikuwa akinyosha kiganja juu ya wavu, kimo cha shubiri, na kuhesabu taratibu. Akilazimika kuuondoa mkono kwenye tatu, chuma kilikuwa tayari. Akifika tano au sita, aliendelea kungoja. Sasa alinyosha mkono wa kushoto badala ya wa kulia, na hesabu ikatoka safi, bila kukwaruzana na kitu, "Moja, mbili, tatu," kama mwanamke asiye na ugonjwa wowote. Siku ya kwanza tulingoja karibu robo saa tangu makaa yavae majivu meupe, maana kila nilipochukua samaki alisema, "Bado." Mpwa wangu alinong'ona, "Mjomba, makaa yatakwisha." Hayakuisha.

Ukavu wa samaki ulinichukua siku tatu kuujua. Nilidhani kumfuta kwa kitambaa kunatosha. Mama aligusa ubavu wa samaki, akatazama kidole chake, akasema, "Bado." Nilifuta tena. "Bado." Hatimaye alichukua uzi mwenyewe kwa mkono wake mzima na kunionyesha msumari uliokuwa kizingitini tangu utotoni mwangu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alikuwa akiwatia samaki chumvi, akaacha chumvi iwatoe maji, akawafuta, kisha akawatundika katika upepo wa bahari kabla ya kuwachoma. Nilikuwa nimeyaona hayo kila siku kwa miaka 15, nikadhani ni namna ya kuwaepusha paka.

Mafuta nayo yana mahali pake. Mama hakumwaga mafuta juu ya wavu wenye samaki, kwa kuwa hudondoka makaani, moto ukalipuka, samaki akapata masizi. Alimpaka samaki mwenyewe, kidogo sana, kiasi cha kung'aa tu, na wavu aliupangusa kwa nusu ya kitunguu iliyochomwa uma na kugusishwa mafuta. Na tui lile zito, lenye ukwaju, kitunguu saumu na pilipili, halikumkaribia samaki mpaka pande zote mbili zimekwisha kukauka. Tui lina sukari yake na protini zake. Akipakwa mapema, samaki hushika mara mbili. Jina la chakula chenyewe, samaki wa kupaka, limewapoteza wengi, wakaanza kwa kupaka.

Mpwa wangu, ambaye ana akili ya biashara kuliko mimi, alipendekeza tununue wavu mpya wa waya mweupe unaouzwa kwa bei ndogo dukani. Nilimkataza. Waya ule umepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwa digrii 420 hivi, kaa jekundu lina joto kubwa zaidi ya hilo, na moshi wake si wa kuvutwa na mtu. Tena ndimu na ukwaju huila zinki. Akauliza kama hatuwezi basi kupaka kile kitu cha sufuria zisizogandisha. Nilimweleza kwamba kitu hicho kiligunduliwa kwa bahati na Mmarekani, Roy Plunkett, mwaka 1938, na ni kizuri kwa mayai juu ya moto mdogo, lakini kikipita digrii 260 huanza kuharibika, na makaa hayajui kujizuia. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mjomba, ungesema tu hapana."

Habari ya kusafisha naihitimisha haraka. Wavu husafishwa ungali na moto, samaki wa mwisho akishatoka, kwa kumbi la nazi lililochovywa katika maji ya chumvi, kisha hupanguswa mafuta. Kumbi likichakaa hutupwa jikoni likawa kuni. Nimeona watu wakitumia brashi za waya, nami huwaambia habari ya Marekani, ambako mwaka 2012 idara ya serikali ya kuzuia magonjwa ilitangaza habari za wagonjwa 6 wa Rhode Island waliomeza nyuzi zilizokatika katika brashi hizo zikabaki wavuni. Wengine zilikwama kooni, na wengine zilitoboa matumbo. Kumbi lililobaki katika samaki hutemwa.

Lakini lile la kuachia lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu si la mkono wala la macho. Mama alisema "bado," nikangoja. Akasema "bado," nikangoja tena, huku nikisikia harufu na kuamini kwamba samaki anaungua. Nilitaka kujua sababu ya kila "bado," na sababu hiyo hakuweza kunipa. Juma la tatu niliacha kumtazama yeye, nikatazama samaki. Niliona kwamba kwanza ubavu hutoa mvuke mwingi, nao una sauti ya maji; kisha mvuke hupungua na sauti huwa kavu, kama majani ya mnazi yakikanyagwa; kisha ukingo wa ngozi hujikunja kidogo, kadiri ya unene wa karatasi. Nikaugusa mkia. Mwili mzima ulisogea. Nikamwambia mpwa wangu, bila kufikiri, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Ameaga." Mama aligeuka akanitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilijaribu kitu. Kilichotoka kilikuwa, "Tatu." Akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena, na ikawa tatu tena.

Siku zilizofuata nilimfundisha mpwa wangu kwa neno hilo, na mama alisimamia. Nilimwambia amlaze samaki kwa mshazari juu ya nondo ili ashikwe mahali pachache. Asimwinue kwa mkia, bali aingize kisu kipana upande wa mgongo na kumvingirisha. Amgeuze mara moja tu. Alijifunza kwa siku tisa yale yaliyonichukua majuma manne, na sioni ajabu, kwani yeye hakuwa na tasnifu ya kumzuia.

Jioni ya mwisho ya likizo yangu nilikaa kwenye ngazi za baraza kama mteja. Walikuwapo samaki 14, wote wa mali kauli. Mpwa wangu alifanya kazi peke yake, na bibi yake aliketi kwenye kiti cha kamba karibu na jiko, fimbo magotini, asiseme neno. Watu walisimama, wakaamkia, wakalipa. Samaki wa mwisho alipotoka, binti aliutazama wavu kwa fahari, akaanza kukusanya sahani. Mama aliinamia jiko. Kwenye nondo ya tatu palikuwa na kipande cha ngozi, kadiri ya ukucha wa mtoto, ambacho mimi sikukiona wala mpwa wangu hakukiona. Akakielekezea fimbo, kisha akaielekeza kwenye kumbi.